Watu Kumi na Wawili Kabla ya Mimi

Kisugu, Jumamosi jioni

Hawa mwanangu,

Salamu nimeziacha, kwa sababu bado hujaondoka. Uko hapo nje barazani kwa jirani yetu Mama Furaha, kichwa chako kiko katikati ya magoti yake, anakusuka nywele za safari. Mimi niko ndani na dirisha liko wazi, nasikia kila neno. Sasa hivi amekuambia, "Tulia, mutoto! Ukitikisika hivi nitakusukia barabara ya Bukavu, kona juu ya kona." Nawe umecheka mpaka umepiga chafya. Ukiisoma barua hii utakuwa Khartoum kwa baba yako, na huenda nywele hizo zitakuwa zimeshafumuliwa na mikono mingine.

Mambo ya kila siku sitayaandika. Sweta liko wapi, dawa ya kifua inywewe vipi, hayo Shangazi Sauda anayajua, na kwa kuwa ndiye anayekupeleka, atakuambia njia nzima hata ukiziba masikio. Mimi nakuandikia yale ambayo mdomoni hayatoki. Unanijua. Mgeni akibisha hodi mimi huenda kuangalia sufuria, hata kama hakuna sufuria motoni.

Naandika kwa Kiswahili kwa sababu ndiyo lugha ya chumba chetu. Shule imenipa Kiingereza, mtaa umenipa Kiganda, lakini hakuna hata moja kati ya hizo niliyokubembelezea. Neno likikushinda, lisome kwa sauti, utalitambua.

Nianze na jambo ambalo unalijua nusu. Mama yako Rukia, dada yangu, alifariki kabla hujaota jino. Mama yetu alikuwa amemtangulia. Baba yako alikuwa ameshakwenda Sudan kutafuta kazi ya ufundi wa magari, na babu yako, baba yetu, askari polisi, alikuwa na zamu ambazo hazimwulizi mtu kama ana mtoto mchanga nyumbani. Basi siku moja baada ya matanga wanawake wakakufunga mgongoni kwangu, wakakaza khanga kifuani, mmoja akasema, "Haya, tembea kidogo tuone." Nilikuwa na miaka minane. Nikatembea mpaka kwenye bomba na kurudi. Hukulia. Wakasema, "Amemkubali," wakaenda zao.

Shangazi Sauda, dada wa baba yako, alisema ukiacha maziwa utakwenda kwao Bombo. Ulipoacha maziwa alikuja kweli, akakaa siku nzima, akatutazama, akala, akarudi peke yake. Sijawahi kumwuliza kwa nini.

Pale bombani wakaanza kunitania. "Mama Hawa, sogeza ndoo yako!" "Mama Hawa, mume wako amekupa nini leo?" Ulikuwa mzaha wa watu wazima kwa mtoto mwenye mtoto. Lakini mzaha ukiitikiwa kila siku unakuwa jina. Babu yako naye akaanza, kwanza kwa kucheka, halafu bila kucheka. Nilipoingia sekondari jina likanifuata mpaka darasani, na huko halikuwa mzaha tena. Msichana mmoja alinisimamisha mlangoni mbele ya wenzake akaniuliza, "Kwani ni kweli una mtoto?" Ningeweza kumjibu kwa sentensi moja: ni mtoto wa dada yangu. Nilinyamaza. Wakachukua kimya changu wakakitengeneza walivyotaka, na tangu siku hiyo nilikula chakula cha mchana peke yangu mpaka nilipomaliza shule.

Nimefikiri sana juu ya siku hiyo. Zamani nilikuwa najiambia niliona haya. Ni kweli, lakini si yote. Sentensi ile ilikuwa inakufanya uwe wa mtu mwingine, na mimi sikutaka kuisema.

Sasa Kiarabu. Watu wanadhani nilianza kusoma kwa sababu ya dini au kwa sababu ya ukoo wa baba yako, Wanubi wa Bombo wenye Kiarabu chao. Nilianza kwa sababu yako, tena kwa usingizi wako. Mwalimu Mwanaidi, yule mama aliyeolewa huku kutoka Tanga, alikuwa akifundisha wasichana uani kwake kila Jumamosi. Mimi nilipita pale nikikubembeleza, ukilia kwa meno, na wasichana walikuwa wanaimba kitenzi. Ukanyamaza. Nikasogea, ukalala. Nikiondoka unaamka. Mwalimu akaniona nimesimama kwenye ua kama mbuzi, akasema, "Ingia ukae, binti. Mtoto ile—ndivyo msemavyo huku, sivyo? Huyo si nyumba. Sema mtoto yule." Hivyo kwa siku moja nikapewa lugha mbili, Kiarabu na Kiswahili kilichonyooka.

Wimbo wenyewe unaujua. Kataba, katabaa, katabuu. Aliandika, waliandika wawili, waliandika wengi. Halafu wanawake, halafu wewe, halafu nyinyi, mpaka kitenzi kimoja kimepita kwa watu wote waliopo duniani, mara kumi na nne. Mwalimu aliiita tasrifu. Wewe uliinyonya pamoja na uji. Neno lako la pili lilikuwa "katabuu," ukalitumia kwa kila kitu, kwa maji, kwa paka, kwa kofia ya babu. Babu akaja juu: "Hii mtoto inasema nini? Inanitukana?"

Kuna jambo katika wimbo ule ambalo mwanzoni halikunisumbua. Hauanzi na mimi kama Kiswahili cha shuleni, niliandika, uliandika, aliandika. Unaanza na yeye asiyekuwepo. Mwalimu alisema Waarabu humwita ghaibu, aliye mbali, na huyo ndiye hutangulizwa. Baada yake huja wewe uliye mbele yangu. Mimi huja karibu na mwisho kabisa. Kabla ya kufika kwa "mimi" unapita watu kumi na wawili.

Kwa mtu kama mimi hapo palikuwa pazuri pa kujificha. Nilikuwa wa kwanza darasani kwa kuimba. Ungeniamsha usingizini nikakupa kitenzi chochote tangu juu mpaka chini bila kupumua, na Mwalimu alikuwa akinisimamisha mbele ya wageni niimbe, nami niliweza, kwa sababu kuimba si kusema. Lakini mtu akiniambia, "Sema tu: niliandika," nilikuwa sina. Ilinibidi nianzie juu, kimoyomoyo, nipite kwa wote wale, wawili wawili, wanaume na wanawake, mpaka nifike kwangu. Kosa hili ni letu sisi tulioimbishwa. Yule aliyejifunza barabarani halijui.

Lilinikamata Bombo. Ulikuwa mdogo, umelala mapajani mwangu, tulikuwa arusini kwa kina Shangazi Sauda. Palikuwa na mgeni, mama mmoja wa Sudan, amevaa toba, lile vazi lao refu la kujizungushia, la rangi ya manjano, na manukato yake yalifika kabla yake. Akasikia kwamba kuna msichana asiye Mnubi anayejua Kiarabu cha kitabuni. Akaja akainama mbele yangu, akauliza polepole, kwa upole sana, "Ayna darasti?" Ulisoma wapi? Nilielewa kila herufi. Nilichotakiwa kusema ni neno moja, darastu, nilisoma, na jina la mahali. Nikaanza moyoni: darasa, darasaa, darasuu... Yeye akangoja. Midomo yangu ilikuwa inacheza. Nilipokuwa nimefika kwa wanawake wengi wasiokuwepo, aligusa shavu langu, akatabasamu, akainuka.

Nyuma yangu mtu akauliza, "Maskini, ni bubu?"

Shangazi Sauda akajibu, "Si bubu. Anahesabu."

Walicheka wote, nami nikacheka ili nisilie. Njiani Shangazi alikuwa bado anajifurahisha. "Sisi Wanubi tunasema ana akulu, ita akulu, uwo akulu. Mimi nakula, wewe unakula, yeye anakula, akulu ni ile ile. Kalasi, basi! Neno moja linatutosha maisha. Nyinyi mnalikata vipande kumi na vinne kama nyama ya arusi, halafu hamna hata kimoja cha kumpa mgeni."

Nilimkasirikia mwaka mzima. Lakini alikuwa na haki. Yule mama hakuwa amekuja kunisahihisha. Alitaka kujua nilisoma wapi, basi, kama mtu anavyouliza mtu. Ningemwambia kwa Kinubi, au nikamwambia kwa makosa, tungezungumza. Badala yake nilikuwa nikitafuta neno kamili, na nilipolipata, pale mbele yangu palikuwa na nafasi tupu yenye harufu ya manukato. Hawa, kama kuna kitu kimoja nilichokinunua kwa bei ghali, ni hicho. Mtu hangoji mpaka ufike.

Ndiyo maana wewe sikukufundisha kwa wimbo. Labda umeshasahau, maana kwako ilikuwa mchezo. Mwaka jana baba yako alipopiga simu na kusema ameoa, mke wake ni mwalimu, na wanataka uje usome huko, alisema kuna sharti moja. Ukifika bila Kiarabu cha darasani utawekwa na watoto wadogo, na mke wake hataki uonewe. Kwa hiyo utakapokuwa tayari, atazungumza nawe mwenyewe kwa simu. Ukiweza, utakwenda shule zikifunguliwa. Usipoweza, utabaki Kampala mwaka mwingine. Babu akaniangalia. Shangazi akaniangalia. Nikasema, "Nitamfundisha."

Tukaanza bombani, siku ya kufua. Mimi nikiinua shuka wewe unasema ghasalti, umefua. Ukiinua soksi zako unasema ghasaltu, nimefua. Hapakuwa na aliyeanza wala aliyemaliza. Mimi na wewe tu, huku na huku, kama watu wanaorushiana chungwa. Tukafanya hivyo na kula, na kunywa, na kufagia, na kuanguka, maana siku hiyo uliteleza na ndoo. Ulikuwa umelowa mpaka kiunoni, lakini ulipotoa kichwa ulipiga kelele, "Saqattu! Nimeanguka!" Wanawake wote wakageuka. Mama Furaha akasema, "Anaita nani huyo?" Nami nikajua kwamba wewe umepata kile nilichokosa. Ulikuwa umefika kwa "mimi" moja kwa moja, na ulikuwa bado chini.

Na maswali yako! "Mama, hawa Waarabu hawachoki?" "Mama, kwa nini wao wawili wana neno lao, na nyinyi wawili mna neno lenu, lakini sisi wawili hatuna? Kwa nini tunawekwa na sisi wengi?" Nilikuambia sijui, ndivyo ilivyo. Ukakunja uso: "Basi walisahau." Nilimpelekea Mwalimu Mwanaidi swali lako. Alicheka, akasema hata yeye alipokuwa mtoto Tanga lilimuuma, na hakupewa jibu.

Nataka ujue jinsi mwaka ule ulivyokuwa kwangu, kwa sababu kwa nje ulikuwa mwaka wa furaha. Kila kitenzi ulichokishika kilikuwa kinakusogeza kwenye mlango, na anayekusogeza ni mimi. Kuna siku ulipatia kila kitu na mimi nilikwenda nyuma ya choo nikakaa juu ya jiwe. Uliponifuata nilisema naumwa tumbo, ukaniletea maji ya tangawizi. Sikukufundisha vibaya hata siku moja. Naandika hivyo si kwa kujisifu. Wazo lilikuja, likakaa nami, nikalala nalo, na asubuhi tukachukua ndoo tukaenda bombani.

Halafu ikaja ile simu.

Ulikuwepo, lakini ulikuwa umeshika simu kwa mikono miwili na macho umeyafumba, kwa hiyo kuna mambo hukuyaona. Babu alikuwa anapiga viatu rangi mlangoni. Shangazi Sauda alikuwa amekaa kitandani na mkoba wake mapajani. Simu tuliiweka sauti kubwa ili wote wasikie. Mke wa baba yako alikusalimu, ukaitikia vizuri. Akakuuliza, kwa Kiarabu cha kitabuni, polepole kama mwalimu, "Maadha akalti al-yawm, yaa Hawa?" Umekula nini leo?

Kula! Kitenzi cha kila siku, kile tulichokifanya juu ya sahani mpaka chakula kikapoa. Nawe hukusema kitu.

Babu akainua kichwa. "Mtandao umepotea?"

"Halo! Halo!" Shangazi akapaza sauti. "Wamekata?"

"Hawajakata," nikasema.

Sauti ya mbali ikauliza tena. Babu akanong'ona, "Hii lugha imelala."

Ndipo mke wa baba yako akasema jambo ambalo katika chumba kile nililielewa mimi peke yangu. Alisema kwa huruma, bila hasira hata kidogo, "La ba's. Al-aam al-qadim, in shaa Allah." Hakuna neno. Mwaka ujao, Mungu akipenda.

Shangazi alikuwa akiniangalia. "Anasema nini?" Kiarabu kile cha kitabuni kilimpita kwa juu.

Hawa, nilikuwa na mwaka mzima mkononi. Ilinitosha kukaa kimya, kazi niliyoifanya maisha yangu yote bila mtu kunilipa. Hakuna ambaye angejua. Ningekuwa nawe mwaka mwingine, bombani, kitandani, mguu wako ukinipiga tumboni usiku. Nilifurahi. Nakuandikia neno hilo lilivyo: nilifurahi, mpaka mikono ikawa ya moto.

Kisha nikaona midomo yako. Ilikuwa inacheza. Nilijua uko wapi. Kwa hofu ulikuwa umeuacha mchezo wetu na kurudi kwenye wimbo wa uani uliolala nao ukiwa mchanga. Ulikuwa unapita kwa wale wasiokuwepo, mmoja mmoja, unakuja. Neno ulikuwa nalo. Ulihitaji tu mtu angoje. Na yule mama wa Khartoum, kwa wema wake, alikuwa karibu kukuaga.

Nilikunyang'anya simu. Sikupanga la kusema. Nilisema, "Hiya takhjalu." Yeye anaona haya. Na kabla sijafikiri, nikaongeza, "Wa ana akhjalu." Na mimi naona haya.

Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumwambia mtu kitu kwa Kiarabu. Miaka yote ile ya kuimba, na nilichokuwa nacho cha kusema kilikuwa hicho.

Upande wa pili nikasikia kicheko, kicheko kizuri, cha mtu aliyeketi. Akasema, "Wa ana kuntu akhjalu." Na mimi nilikuwa naona haya, zamani. Akasema nikurudishie simu, yeye atangoja, hana haraka.

Nikakurudishia. Ukafumbua macho. Ukasema, "Akaltu matoke."

"Matoke?" akauliza. "Wa maa al-matoke?"

Ukanigeukia, mimi nikainua mabega. Mwalimu hakutufundisha matoke. Ukafikiri. Ukasema, "Mauz, walakin laysa mauz." Ni ndizi, lakini si ndizi. Yule mama akacheka mpaka akakohoa, na wewe ukaanza kumweleza majani yanavyofungwa, sufuria inavyowekwa, nusu Kiarabu, nusu kwa mikono kana kwamba anakuona. Babu akarudi kwenye viatu vyake. Shangazi akasema, "Mama Hawa, leo hukuhesabu." Nikatoka nje kuangalia sufuria.

Mtu angeweza kusema nilifanya jambo kubwa. Sivyo nilivyohisi. Nilihisi kama mtu aliyefungua dirisha kwa sababu chumba kina moshi, na ndege wake akatoka. Tangu siku hiyo nimekuwa nikikutazama kama mtu anayesoma ukurasa wa mwisho polepole. Unavyokunja godoro. Unavyokula maganda ya chungwa ukidhani sikuoni. Nimemaliza shule, Hawa, na sina uhakika nimesoma nini. Wasichana wa rika langu wana marafiki, wana siri, wana watu wa kwenda nao Bukoto sokoni Jumapili. Mimi nilikuwa nawe. Sikuona kama nimekosa kitu, kwa sababu mikono haikuwa tupu. Jana nilijaribu kwenda bombani peke yangu, ili nijue kukoje. Watu walinisalimu, nikaitikia. Nikarudi na ndoo mbili, nikamwaga moja kwenye maua ya Mama Furaha kwa sababu maji yalikuwa mengi mno.

Mwalimu Mwanaidi ameniomba nimsaidie na wasichana wadogo Jumamosi. Nisimame mbele, niseme. Sijamjibu bado. Pengine nitakwenda, pengine nitaangalia sufuria, nitakuandikia.

Lakini kuna jambo uliloniuliza juzi Alhamisi, tukichambua mchele, na ndilo lililonikalisha hapa. Uliniuliza bila kuinua macho, "Mama, yule mke wa baba, nimwite nani?" Nikasema maziwa yanafurika, nikainuka. Hatukuwa na maziwa. Niliporudi hukuuliza tena, na niliona umeshajifunza kwangu kutouliza mara mbili. Hilo ndilo lililoniumiza kuliko swali lenyewe.

Jibu lilikuwa tayari. Nilikuwa nalo tangu niliposikia kicheko chake kwenye simu. Niliogopa tu kulisikia likitoka kinywani mwangu, kwa hiyo naliweka hapa, unaweza kulisoma mara nyingi unavyotaka.

Mwite Mama.

Mwite hivyo siku ya kwanza, mlangoni, kabla haya haijapata mahali pa kukaa. Ukingoja mpaka umzoee utangoja sana, nami najua kungoja kunavyokuwa. Usiliongezee neno kitu, usiseme mama huyu wala mama yule. Na usilinong'one kwa kuniogopea mimi, kana kwamba nitasikia kutoka Kisugu. Yeye alisema atangoja, na alingoja. Mtu wa namna hiyo apewe neno lote.

Wala usinitafutie mimi neno jingine la kunifariji, mama mdogo, mama wa Kampala. Ninalo jina. Wewe hujawahi kuniita kwalo, na mtaa huu umelisahau, hata babu yako akilihitaji kwenye karatasi za serikali hukuna kichwa kwanza. Marehemu mama yako ndiye aliyelipenda. Alikuwa akiliita kwa kulivuta, kutoka mbali, nami nakuja mbio. Ukiniandikia, liandike juu ya bahasha jinsi lilivyo hapa chini, kwa sababu posta haimjui Mama Hawa.

Mama Furaha amemaliza, nakusikia unaomba kioo. Ngoja nikuletee.

Zainabu